Mimi Nilisema Tu

"Fundi, mashini yako inakataa watoto."

Ndivyo alivyoanza yule muuguzi, bila salamu. Huku kwetu Rusizi, Rwanda, mtu anayekupigia simu bila kukusalimu ana haraka kwelikweli au ana hasira kwelikweli. Nilikuwa Kamembe, nimekaa kwenye benchi la muuza chapati karibu na kituo cha mabasi, saa mbili na nusu asubuhi. Nyuma ya sauti yake nilisikia vilio vya watoto wengi kwa pamoja. Ilikuwa siku ya chanjo. Nikamwomba anieleze polepole. Mtoto wa siku sita, kilo tatu nukta moja: kisanduku cha uzito kinageuka chekundu na fomu haihifadhiki. Mwingine, kilo nne nukta nne: chekundu. Mama wa huyo wa pili, kilo 58: imepokea bila neno.

"Yaani inataka watu wazima tu," akasema, akakata.

Nilipanda pikipiki. Kituo chenyewe sitakitaja, kwa sababu kosa halikuwa la kituo.

Kazi yangu ni kutengeneza fomu za kompyuta zinazotumika kuandika wagonjwa. Programu yenyewe, OpenMRS, sikuiandika mimi. Iliwazwa mwaka 2004 na madaktari wa Indiana, Marekani, kwa ajili ya kliniki za Eldoret nchini Kenya, ikaanza kazi huko mwaka 2006, na mwaka huohuo ikafika Rwanda, Rwinkwavu, kupitia shirika la Partners In Health. Imeandikwa kwa Java, lugha ya kompyuta iliyotangazwa mwaka 1995 na kupewa jina la kahawa. Jambo hilo hunichekesha kila nikipita Mibirizi. Misheni ya Mibirizi iko wilayani kwetu, mbegu za kahawa zilizotoka Guatemala zilipandwa pale, na jina la Mibirizi likawa jina la aina ya mbuni inayojulikana na wataalamu wa kahawa mahali pengi. Kwa hiyo kahawa imepewa jina la kilima chetu, na lugha inayonipatia ugali imepewa jina la kahawa. Wakulima wa Mibirizi hawajui kwamba tunahusiana.

Kuna namna mbili za kuzungumza na kompyuta. Ya kwanza ni ya kumwongoza mtu kipofu: simama, geuka kulia, hatua tatu, inama, shika. Ya pili ni ya mama yangu. Mama yangu alikuwa akisimama mlangoni Bugarama asubuhi na kusema, "Wageni watakuwa hapa saa saba." Basi. Hakumwamuru mtu. Alisema tu jambo litakavyokuwa, na nyumba nzima ikaingia kazini: mmoja anakimbiza kuku, mwingine yuko bombani, dada anachagua mchele, na mimi natumwa kuazima mikeka kwa jirani. Saa saba wageni wanakula. Ukimuuliza mama kuku alichinjwa na nani, hajui.

Fomu zangu naziandika kwa namna ya mama. Siiambii kompyuta ichore kisanduku, isubiri namba, iikague, ifungue hifadhidata, iweke tarehe na jina la aliyeandika. Natamka tu kwamba hapa pana kipimo, dhana yake ni namba fulani, na mbele yake pasomeke "Uzito". Mstari mmoja. Mengine yote hufanywa na kiunzi kilichojengwa na watu nisiowajua, wengi wao hawajawahi kuliona Ziwa Kivu. Naandika mstari, nabonyeza, na kisanduku kipo. Mara ya kwanza nilipoona hivyo, miaka mingi nyuma, nilihisi kitu ambacho Mwislamu hapaswi kukihisi mbele ya kompyuta. Nilihisi nimesema neno likawa.

Hisia ile ndiyo ninayotaka kuizungumzia, maana ndiyo iliyonifikisha kwenye siku ya watoto.

Kosa nililiona kabla sijavua koti. Katika kamusi tuliyoitumia kila kipimo kina namba yake: uzito kwa kilo ni 5089, kimo kwa sentimita ni 5090. Nilipotengeneza ile fomu mpya nilinakili mstari wa kimo, nikaubandika juu yake, nikabadili neno "Kimo" kuwa "Uzito", nikasahau namba. Jina nimelibadili, namba imebaki. Kwa siku 19 kila uzito uliopimwa kituoni uliingia kwenye hifadhidata kama kimo. Mwanamke wa kilo 58 alikuwa, kwa kumbukumbu za kompyuta, mtu wa sentimita 58.

Na watoto walikataliwa kwa nini? Kamusi ina mipaka yake. Kimo hakiwezi kupungua sentimita 10 wala kuzidi 272. (Hiyo 272 si ya kubahatisha: ndicho kimo cha Robert Wadlow, Mmarekani aliyefariki mwaka 1940, mtu mrefu kuliko wote waliowahi kupimwa.) Mtoto wa kilo 3.1 alikuwa anaandikwa kama kiumbe cha sentimita 3.1, na kompyuta ikasema, kwa haki kabisa, kiumbe hicho hakipo. Katika kituo kizima ni yenyewe tu iliyokuwa imeshtuka.

Lakini siku 19 zina siku nyingine za chanjo ndani yake. Mbona hakuna aliyepiga simu kabla? Nikamuuliza karani wa mapokezi, kijana mpole aliyerudi kazini siku ile mchana. Akatabasamu kama mtu aliyeokoa kazi yangu.

"Niliona mashini inakataa nukta," akasema. "Nikatoa nukta."

Kilo 3.1 aliandika 31. Kilo 4.4 aliandika 44. Kompyuta ikapokea, foleni ikasonga, akina mama wakarudi nyumbani kabla ya mvua. Nilikaa kimya kwa muda. Sikuwa nimemdhania huyu kijana popote katika mstari wangu. Nilipotamka "hapa pana uzito", nilifikiri mikono inayofanya kazi chini ya neno langu ni ya ile programu tu. Kumbe na mkono wake ulikuwemo. Neno langu lilikuwa la uongo, na ili litimie ilibidi mtu mwaminifu aandike uongo.

Ijumaa ile niliteremka Bugarama. Njia inashuka kutoka baridi ya Kamembe hadi mita 950 hivi juu ya bahari, mahali pa chini kabisa katika Rwanda nzima, na ukikaribia unasikia joto linapanda miguuni, kisha unaona mpunga, na vumbi la kiwanda cha saruji. Kiswahili kwetu kilikuwa cha msikitini, cha sokoni na cha madereva wa malori zamani sana, kabla Bunge halijakifanya lugha rasmi mwaka 2017. Baba yangu mdogo anafundisha darsa pale, na ana kishamba cha mpunga kinachomlisha kuliko darsa. Baada ya sala tulikaa barazani kwake na chai ya tangawizi. Nikamweleza yote.

"Wewe uliandika nini?" akauliza.

"Namba moja, Baba mdogo."

"Nani aliyeipeleka pasipo pake?"

"Programu."

"Programu ina hitilafu?"

"Haina. Imefanya nilivyosema."

"Basi mbona nusu saa nzima unanieleza habari za programu?"

Nilikuwa na jibu, na nililipata kwake mwenyewe. Tulipokuwa wadogo alitusomea kutoka *Ihya* ya Ghazali kisa cha msafiri aliyeiona karatasi nyeupe imeingia weusi, akaiuliza kulikoni. Karatasi ikasema, usiniulize mimi, muulize wino aliyenimwagikia. Wino akasema nilikuwa nimetulia kidauni mwangu, kalamu ndiyo iliyokuja kunichota. Kalamu ikamtuma kwa mkono, mkono ukamtuma kwa nguvu, nguvu ikamtuma kwa utashi, na hivyo hivyo, hadi msafiri akavuka ulimwengu huu unaoonekana akafika mahali ambapo maswali yenyewe yanakoma. Ghazali aliyefariki mwaka 1111 ndiye huyohuyo aliyedai dhidi ya wanafalsafa kwamba moto hauchomi pamba. Pamba ikigusana na moto, Mungu huumba kuungua. Ibn Rushd wa Kordoba alimjibu baadaye, kwa ukali, kwamba anayefuta visababishi amefuta na elimu. Katika ubishi huo mimi siku zote nimekuwa upande wa Ghazali, kwa sababu ya kazi yangu. Programu ya Java inapoanguka huwa inaandika orodha ndefu: sehemu hii iliitwa na ile, ile iliitwa na nyingine, na katikati maneno yale yanayojirudia, imesababishwa na, imesababishwa na. Mistari 120, pengine 150. Ni kisa cha msafiri kilichopigwa chapa. Karatasi inamtaja wino, wino anaitaja kalamu. Na mara nyingi katika mistari yote hiyo hakuna hata mmoja unaonitaja mimi.

Nikamwambia hivyo. Nikasema, kwa kiasi fulani cha kujisifu, kwamba mimi katika jambo hili ni wino tu. Nilisema neno. Waliotenda ni wengine, na nyuma yao wengine, na nyuma ya wote ni Yeye.

Baba mdogo akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, kile kisa uliondoka kabla hakijaisha. Ulikuwa unasinzia?"

Akaingia ndani, akatoka na juzuu iliyofungwa kwa gundi ya karatasi mgongoni, akatafuta ukurasa kwa kidole. Hakunisomea, alinieleza. Msafiri alipofika mwisho wa safari hakubaki kule akijipumzisha katika ukubwa wa majibu. Alirudi kwa njia ileile. Akaupitia utashi, nguvu, mkono, kalamu, mmoja baada ya mwingine, akawaomba radhi kwa namna alivyowahoji, akasema alikuwa mgeni katika nchi ile.

"Ghazali anakwenda juu halafu anashuka," akasema. "Wewe umekwenda juu ukatafuta pa kujificha."

Kisha akaniambia neno moja la Kiarabu, kasb, ambalo wafuasi wa mwanateolojia Ash'ari wamelishikilia tangu karne ya 10 kwa ajili ya mtu wa aina yangu. Mungu ndiye anayeumba kitendo, mja hukichuma. Akaonyesha mpunga kule bondeni. Hakuna mkulima wa Bugarama anayedai ameumba punje, lakini ukimkuta mtu kavuna shamba la jirani, hatakuambia punje imeumbwa na Mungu. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nilirudi Kamembe usiku nikiwa nimeudhika, kama inavyomtokea mtu aliyeambiwa kweli na mzee mbele ya chai yake mwenyewe. Kwa nini neno lisilo na hatua lituonekee jepesi kuliko hatua? Pale mpakani na Kongo, Rusizi ya Kwanza, asubuhi, utamkuta mfanyabiashara barazani na simu yake: "Mzigo uwe Bukavu kabla ya adhuhuri." Baada ya hapo utawaona wanawake wakivuka daraja na mabeseni kichwani, wengine na mtoto mgongoni, wakienda na kurudi, wakipanga foleni ya karatasi na foleni ya forodha. Jioni yule mtu husema, bila kudanganya kwa mujibu wa sarufi yetu, "Leo nimevusha mzigo." Faida anaihesabu kuwa yake. Beseni likianguka, ni la aliyelibeba. Fiqhi ina mlango mzima juu ya hili, mlango wa uwakala, na hukumu yake ni kinyume cha baraza lile: wakili ni mwaminiwa, hadaiwi kilichoharibika mkononi mwake ila akizembea au akivuka alichoagizwa. Aliyetuma ndiye mwenye mzigo.

Na kuna jambo ambalo Mnyarwanda hawezi kuandika juu ya maneno akalipita. Nasitasita kuliweka karibu na fomu ya uzito, kwa kuwa mizani haifanani hata kidogo. Lakini swali ni lilelile, na sisi tulilijibu kwa bei ambayo hakuna mwingine anayepaswa kuilipa. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wapo waliosema tu. Walikaa mbele ya kipaza sauti au kwenye meza ya gazeti, wakasema jinsi mambo yatakavyokuwa, na mikono ikapatikana. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa pale Arusha iliwatia hatiani watatu wao, wawili wa redio na mmoja wa gazeti. Rufaa ya mwaka 2007 iliwapunguzia baadhi ya makosa, haikuwaachia. Nilikuwa mtoto wa shule hukumu ya kwanza ilipotoka. Nakumbuka mtu mzima mmoja mtaani kwetu akisema, "Lakini hao hawakushika panga." Na mwanamke aliyekuwa anauza ndizi, bila kuinua kichwa: "Ndiyo maana walishika wengi."

Sikuwahi kusikia hoja ya falsafa fupi kuliko hiyo. Anayetenda kwa mkono wake hufika mahali akachoka. Anayetamka hachoki, neno lake huenda umbali wa mikono yote inayolisikia. Hayo ndiyo niliyotamani kumrudia nayo Baba mdogo, ila ningeonekana nimekuja kumfundisha alichonifundisha.

Jumamosi niliamua kurekebisha. Njia ya haraka ilikuwepo na ilinivutia sana. Hifadhidata nayo huzungumzishwa kwa namna ya mama: unasema unachotaka kiwe, si jinsi ya kukifikia. Mstari mmoja ungetosha: kila penye vimo viwili kwa mtu mmoja siku moja, kile kidogo kiwe uzito. Ni nadra sana kilo za binadamu kuzidi sentimita zake. Sekunde mbili, rekodi 212 zimenyooka, narudi kwenye chapati zangu.

Vidole vilikuwa tayari. Kisha nikakumbuka nukta. Mstari ule ungewageuza wale watoto wa 31 na 44 kuwa vichanga wa kilo 31 na kilo 44, na safari hii kompyuta isingemkataa hata mmoja, maana uzito kwenye kamusi unaanzia sifuri na kilo 31 ni uzito halali wa mtu. Ningekuwa nimefuta hata ule ushahidi mdogo uliobaki kwamba kuna kitu kilikwenda kombo. Neno la pili lingefunika la kwanza.

Kwa hiyo nilipanda tena kituoni, tukafungua daftari kubwa la karatasi, lile ambalo mimi mwenyewe niliwahi kusema kwenye semina kwamba wakati wake umepita. Muuguzi alikuwa ameandika kila uzito kwa kalamu ya bluu, nukta zikiwa mahali pake. Karani akasoma, mimi nikaandika. Kwanza nilimwomba radhi, na muuguzi pia. Kijana aliona haya kuliko mimi. Muuguzi aliniuliza kama nimeleta maji ya kunywa.

OpenMRS kwa kawaida haifuti. Ukitaka kuondoa kipimo kibaya, kinabatilishwa: kinabaki palepale chini, kimefichwa, pamoja na jina la aliyekibatilisha, siku na saa, na programu inakudai uandike sababu. Haikubali kisanduku cha sababu kiwe kitupu. Rekodi ya kwanza niliandika "kosa la fomu". Ya pili, "kosa la fomu". Hadi ya saba. Kwenye ya nane nikasimama nikayatazama maneno yale. Fomu gani? Nani kaiandika? Nilikuwa tena kidauni mwangu, wino mwenye adabu, naitaja kalamu.

Nikazirudia zile saba. Kisha nikaendelea, moja baada ya moja, tukiwasha taa ilipofika saa kumi na mbili na nusu, na katika kila kisanduku nikaandika kwa nafsi ya kwanza: niliandika 5090 mahali pa 5089. Kwa zile za watoto niliongeza kwamba thamani sahihi imetoka daftarini. Jina la karani sikuliweka popote, ingawa aliniambia niliweke.

Ya mwisho ilikuwa ya mtoto wa kike, siku nne, ukurasa umelowa kidogo pembeni lakini wino haujavuja.

"Mbili nukta tisa," karani akasoma. Akainama juu ya bega langu kutazama kioo. "Na nukta, Fundi. Usiisahau nukta."